Nimeitwa kuchora ukuta Bristol. Niandike naenda kutembea?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mchoraji wa Tingatinga hapa Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Sina mwajiri. Nachora, nauza, na kodi ya chumba inatoka humo humo kwenye picha. Mwaka jana mama mmoja wa Kiingereza alinunua picha zangu mbili akaenda nazo kwao. Sasa taasisi ya sanaa anayofanyia kazi, iko Bristol, imenialika nikachore ukuta wa jengo lao mwezi wa sita. Ni siku kumi na mbili, pamoja na jioni mbili za kuzungumza na wanafunzi wa sanaa. Malipo pauni 1,800, tiketi na malazi juu yao. Baruapepe yao inasema: "Tutafurahi ukija kushirikiana nasi kiangazi hiki na kubadilishana uzoefu." Wamedokeza pia kwamba mambo yakienda vizuri, kuna shule za Manchester zinazoweza kunichukua miezi miwili zaidi.

Kuna na mengine. Dada yangu ameolewa Leicester na shemeji ana mgahawa. Anataka nimchoree simba na twiga ukuta mzima, atanipa pauni 500 mkononi. Anasema hiyo si kazi, ni mambo ya familia. Nimepanga pia kubeba picha kama ishirini, nimezikunja ndani ya bomba la plastiki, nikauze huko. Na kuna mchapishaji wa Nairobi ninayemchorea vitabu vya watoto. Kila wiki lazima nimtumie kurasa, siwezi kumwacha.

Jamaa mmoja wa Kariakoo anayeshughulikia viza za watu ameniambia nisijisumbue: niandike naenda kumtembelea dada, neno kazi nisilitaje kabisa, maana ukilitaja utaambiwa ulete viza ya kazi na hiyo hutaipata. Anataka shilingi 600,000, na humo humo atanitengenezea stetimenti ya benki iliyonona. Mwenzangu mmoja naye anasema viza ya kazi ndiyo salama, nikomae nayo. Na nikiwa huko natamani nipitie Amsterdam kumwona rafiki. Nishike lipi, Mjomba?

Mchoraji, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na huyo wa Kariakoo, kwa kuwa ndiye mwenye haraka kuliko wote. Usimpe hata nauli. Kuficha lengo la safari kwenye ombi la viza ya Uingereza, au kupeleka stetimenti ya kutengeneza, kunaitwa udanganyifu, na adhabu yake ni kunyimwa viza kwa miaka 10. Jina linaloingia kwenye rekodi ni lako. Kishoka yeye kesho atakuwa amebadilisha laini ya simu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba anakuuzia uongo usiouhitaji. Kile anachotaka ukifiche, yaani kazi ya Bristol yenye malipo, kinaruhusiwa kwa viza ileile ya mgeni anayotaka uiombe. Sharti ni ukiseme. Ukikisema na kukithibitisha uko ndani ya sheria. Ukikificha kisha ofisa wa uwanja wa ndege akakuta mkataba wa pauni 1,800 kwenye begi lako, umeshakuwa mtu mwingine mbele yake.

Huyo mwenzako naye simlaumu, ana habari za zamani. Zamani Uingereza ilikuwa na viza ya pekee kwa wataalamu walioalikwa kufanya kazi fupi ya malipo, na ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Tarehe 31 Januari 2024 ikaunganishwa na viza ya kawaida ya mgeni, ile inayoitwa Standard Visitor, ambayo unaruhusiwa kukaa nayo hadi miezi sita. Mwaka 2025 ada yake ilipanda ikafika pauni 127. Angalia bei ya leo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, kabla ya kulipa, kwa sababu hupandisha karibu kila mwaka. Msanii wa fani anaruhusiwa kulipwa akiwa na viza hii endapo amealikwa na taasisi ya sanaa, wakala au kituo cha utangazaji kilichoko Uingereza, kazi inahusiana na ile anayoifanya kwao kila siku, imepangwa kabla ya safari, imetajwa kwenye ombi la viza, na inafanyika ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Umri uwe miaka 18 au zaidi. Wewe yote hayo unayo.

Hizo siku 30 ziangalie vizuri. Zinahesabiwa tangu unapoingia nchini, si tangu unaposhika brashi. Kwa hiyo usianzie Leicester ukala pilau ya dada wiki tano ndipo uelekee Bristol. Bristol kwanza, Leicester baadaye. Ukishamaliza ukuta, muda uliobaki wa viza unaendelea kuwa mgeni kama wageni wengine.

Sasa hiyo baruapepe yao. Nimeisoma mara mbili na haifai. "Kushirikiana" na "kubadilishana uzoefu" ni maneno matamu ya watu wa sanaa, lakini ofisa wa viza hajui ayafanyie nini. Hajaona kazi, hajaona tarehe, hajaona pesa. Akisoma hapo kisha akaona kwenye fomu umeandika pauni 1,800, atajiuliza zimetoka wapi. Waombe barua rasmi, yenye nembo na sahihi, inayosema: wao ni taasisi gani na inafanya nini, wamekualika wewe kwa jina na namba ya pasipoti, utachora ukuta katika jengo la anwani fulani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, jioni mbili utazungumza na wanafunzi (wasiache hili, nalo ni sehemu ya kazi), watakulipa kiasi gani, tiketi na malazi wanagharamia wao na utalala wapi, na kwa nini wamekuchagua wewe badala ya mchoraji wa hapo hapo Bristol.

Hilo la mwisho wasaidie kulijibu. Mtindo wako ulizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 mikononi mwa Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za dari, na wewe umejifunza hapo hapo Dar kwa wachoraji waliomfuata. Mtu wa Bristol anaweza kuiga duma mwenye madoadoa, lakini hawezi kusema amejifunzia hapo. Waandike hivyo, kwa maneno yao.

Kwa upande wako, thibitisha kwamba uchoraji ndio unaokulisha. Wasanii wengi tunateleza hapa. Tunadhani picha zinajieleza, tunapeleka albamu nzuri ya kazi na stetimenti yenye shilingi elfu arobaini. Tafuta barua ya ushirika wako wa wachoraji ikieleza tangu lini uko nao. Kama umesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, weka cheti. Weka cheti cha TIN na risiti za kodi, mkataba wa mchapishaji wa Nairobi, picha zako ukiwa unachora zenye tarehe, tangazo la maonyesho yoyote uliyoshiriki. Stetimenti iwe yako ya kweli ya miezi sita, hata kama imekonda. Pesa kidogo inayoingia na kutoka kila wiki inaeleweka kwa mtu anayeishi kwa kuuza picha; milioni nane zilizotua wiki moja kabla ya ombi hazieleweki, na ndizo zinazowaangusha watu. Ukibakiwa na pesa za wateja kwenye simu, chapisha na taarifa ya miamala ya simu uiambatanishe pamoja na maelezo mafupi. Na weka kinachokurudisha: mkataba wa pango la chumba na banda, oda zinazokusubiri mwezi wa saba, watu wanaokutegemea.

Manchester ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa kirefu. Miezi miwili ya kufundisha na kuchora mashuleni haiingii kwenye siku 30, na ukiwa ndani ya nchi kama mgeni huwezi kubadilisha viza kuwa ya kazi. Watu wa sanaa hupenda kusema "tutaona ukifika". Wewe ukifika hakuna cha kuona. Itabidi urudi Dar uombe upya. Kwa hiyo waulize sasa hivi, kwa maandishi: hiyo ya Manchester ipo au haipo?

Kama ipo, viza yake ni nyingine kabisa, inaitwa Creative Worker, ya wasanii wa kazi za muda, na inaweza kufika miezi 12. Hapo ndipo unapohitaji mdhamini, yaani taasisi ya Uingereza yenye leseni ya serikali ya kudhamini wafanyakazi wa muda. Inakutolea cheti cha udhamini chenye namba yake na inaeleza mchango wako wa pekee kwa sanaa ya nchi ile. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye gov.uk, yeyote anaifungua, jina la taasisi lipo au halipo. Angalia mwenyewe, usisubiri kuambiwa. Ada ya viza hiyo mwaka 2025 ilikuwa pauni 319, na juu yake unatakiwa kuonyesha pauni 1,270 zilizokaa kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo, isipokuwa mdhamini athibitishe kwenye cheti kwamba atakutunza. Ukiiomba kwa muda usiozidi miezi sita hulipii ile tozo ya afya inayowatia watu wengi umaskini. Mdhamini mmoja anaweza pia kuunganisha kazi zako kadhaa kwenye cheti kimoja, Bristol na shule za Manchester pamoja, alimradi kati ya kazi moja na nyingine hakuna pengo la zaidi ya siku 14.

Huenda wakakwambia kwamba waliwahi kumleta msanii wa Marekani au Kanada kwa cheti tu bila viza. Wanasema kweli. Kuna unafuu wa kazi za hadi miezi mitatu, lakini ni kwa raia wa nchi zisizohitaji viza kuingia Uingereza. Mtanzania hayumo, Mkenya hayumo. Watu wema kabisa wamewaingiza wasanii wetu mkenge kwa kutojua tofauti hiyo.

Ushauri wangu: kama taasisi ya Bristol haina leseni, na shule za Manchester hazijaandika chochote, nenda na viza ya mgeni, chora ukuta wako, rudi nyumbani. Mwakani uende kwa Creative Worker, wakati huo mna ukuta wa kuonyesha watu na wao wana muda wa kutafuta mdhamini. Usiombe viza ya kazi kwa kazi ya kudokezwa.

Shemeji. Hapa najua nitachukiwa Leicester. Mgahawa ni biashara, na viza ya mgeni hairuhusu kufanyia biashara ya Uingereza kazi nje ya zile zilizotajwa kwenye kanuni. Shemeji si taasisi ya sanaa, hivyo njia uliyoipata Bristol kwake haipo. Wala asijidanganye kwamba akikupa sahani ya wali badala ya pauni 500 basi mambo yamekwisha: kazi ya bure kwa biashara nayo ni kazi. Kwako wewe, kufanya kazi bila ruhusa ni kosa la jinai. Yeye naye akionekana amemwajiri mtu asiye na ruhusa, faini tangu Februari 2024 inaweza kufika pauni 45,000 kwa kosa la kwanza. Kwa mgahawa wa mishkaki, hiyo ni kufunga milango. Na simba wa ukutani hafichiki. Wateja watampiga picha, watamweka mtandaoni na jina lako chini.

Lakini simba wake anaweza kumpata. Mwambie apime ukuta, akutumie vipimo. Mchore juu ya mbao au kanvasi vipande vipande hapo hapo Morogoro Stores, mtumie kwa mzigo, yeye aunganishe na kubandika. Hiyo ni biashara ya kuuza bidhaa nje ya nchi, umeifanyia Dar, umelipwa Dar, viza haihusiki. Tena mtoze zaidi ya pauni 500, ukuta mzima kwa bei hiyo anakuonea. Ukiwa huko, ukimchorea mpwa wako twiga chumbani kwake kama zawadi ya mjomba, hakuna atakayekuuliza.

Picha ishirini kwenye bomba zinaangukia hapo hapo. Mgeni haruhusiwi kuuza moja kwa moja kwa watu, iwe sokoni, ukumbini kwa Watanzania au sebuleni kwa dada. Na bidhaa za kuuza hutakiwa kutangazwa forodhani, kwa hiyo bomba lenye picha ishirini litakuingiza kwenye mazungumzo marefu siku ya kwanza. Mbili tatu za kuonyesha wanafunzi, sawa, na ziandikwe kwenye barua ya mwaliko kuwa ni za maonyesho na zitarudi. Zilizobaki, kama taasisi au duka la sanaa la huko linazitaka, watumie kwa mzigo wauze wao wakutumie chako. Najua inauma, kwa sababu wengi wetu faida ya safari tumeihesabu kwenye hilo bomba.

Mchapishaji wa Nairobi ndiye rahisi. Mabadiliko yale yale ya Januari 2024 yalimruhusu mgeni kuendelea kwa mbali na kazi zake za nchi nyingine akiwa Uingereza, ilimradi hiyo si sababu kuu ya safari. Mteja yuko Kenya, malipo yanaingia benki yako ya Dar, umekwenda kwa ajili ya ukuta. Kurasa zako zitume usiku kama kawaida. Usipokee tu mteja mpya wa Uingereza ukiwa pale pale, hata kama ni wa nembo ya saa mbili.

Mpaka hapa nadhani unaona ninachokiangalia. Watu huuliza viza kwa kutaja nchi na idadi ya siku. Mimi kila kazi naiuliza nani anakulipa, yeye yuko wapi, na wewe umekaa wapi unapoifanya. Safari yako ni moja lakini imebeba kazi nne, na majibu yake hayafanani.

Amsterdam iache. Viza ya Uingereza haikupeleki Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Uholanzi ikiwemo. Ni ombi jingine, ada nyingine ya euro 90, bima ya kufikia euro 30,000, na wiki nyingine za pasipoti yako kukaa kwa watu. Rafiki akikupenda atapanda ndege aje Bristol.

Kuhusu muda: ombi la mgeni hupokelewa hadi miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa safari ya mwezi wa sita, fomu ijazwe mwezi wa nne mwanzoni. Ijaze mwenyewe, mtandaoni, na mtu anayejua Kiingereza kizuri akae pembeni, si mbele ya kibodi. Ukikataliwa, viza ya mgeni kwa kawaida haina rufaa. Unaomba upya na kulipa upya, ukiwa umerekebisha walichokitilia shaka. Na tiketi isinunuliwe kabla ya viza. Waambie Bristol hilo mapema.

Uwanja wa ndege barua ya mwaliko iwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku lililoko tumboni mwa ndege. Ukiulizwa umekuja kufanya nini, jibu kama ilivyoandikwa: nimealikwa kuchora ukuta, nalipwa, narudi tarehe fulani. Usianze na habari za dada.

Jambo la kodi ya zile pauni 1,800, waulize kwa maandishi kama watakata chochote huko, na wakikata wakupe karatasi. TRA utawatajia mapato hayo ukirudi.

Halafu kuna rangi, ambayo hukuiuliza. Ninyi wa Tingatinga mnachora kwa rangi za mafuta za kopo, na hizo zinashika moto. Ndege haizibebi, si kwenye sanduku wala begi la mkononi. Waandikie Bristol orodha ya rangi na ukubwa wa makopo wakununulie huko, na uwaulize ukuta ni wa ndani au wa nje, ni plasta au tofali tupu, kwa sababu mvua ya Bristol haina msimu. Brashi zako chukua.

Mjomba